Nani Kakupa Hiyo Video?

Msimu huu wa palizi, mwalimu mstaafu anayesimamia kundi letu la WhatsApp alitunga sheria bila kumuuliza mtu. Kundi ni la wazawa wa Kamsamba, kwenye bonde la Rukwa, waliotawanyika: wapo Tunduma, Vwawa, Mbeya na Dar es Salaam, wapo ng'ambo ya mpaka Nakonde na Lusaka, na yupo dada mmoja anayefanya kazi Muscat. Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Anayeleta video aandike inahusu nini, imechukuliwa wapi na lini, na yeye kaipata kwa nani. Isiyo na maelezo itafutwa.

Jioni ile kundi liliwaka. Kijana mmoja alisema mwalimu amesahau kwamba alishastaafu. Mwingine akauliza kama video za harusi nazo zitatungiwa insha. Mzee mmoja wa ng'ambo ya Mto Momba, upande wa Kilyamatundu, akatuma ujumbe wa sauti wenye kuku na mbuzi kwa nyuma: kuandika kwenye simu hawezi, vidole vyake vimezoea mpini, je, ndiyo anafukuzwa? Wapo waliojitoa kwenye kundi usiku huohuo na kurudi asubuhi wakiomba waunganishwe tena, kama ilivyo desturi.

Mimi niko upande wa mwalimu, ila kwa sababu ambazo si zote zake. Yeye analalamikia bando na upuuzi. Mimi nakumbuka kibanda cha video.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kamsamba ilikuwa bado chini ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Wilaya ya Momba ilianzishwa 2012 na Mkoa wa Songwe 2016, kwa hiyo sisi wa rika langu tumehama wilaya na mkoa bila kuhamisha hata kitanda. Umeme wa gridi hatukuwa nao. Kushuka kutoka Mlowo hadi bondeni wakati wa masika ilikuwa safari ya kujiombea. Katikati ya hali hiyo mfanyabiashara mmoja alinunua televisheni, deki na jenereta, akazungushia uwanja wake mabua na maturubai, akaanza kuonyesha muvi. Kilikuwa kibanda umiza kama vingine nchini, chenye mabenchi ya mbao na joto la watu waliobanana.

Kazi yangu ilikuwa kushika mlango na kupokea viingilio. Kazi kubwa ilikuwa ya kijana mmoja tuliyemwita msimuliaji. Kabla mkanda haujaingia kwenye deki alisimama mbele ya watu, mgongo kaupa televisheni, akaeleza tunakwenda kuona nini. Muvi ikianza alikaa pembeni na kuendelea kutafsiri, ingawa Kiingereza chake hakikuzidi kile kilichoandikwa kwenye mifuko ya mbolea. *Commando* ya 1985, ile ya Arnold Schwarzenegger, aliinadi hivi: mwanajeshi aliyestaafu ameibiwa binti yake, na kuanzia hapo asitokee mtu wa kuniomba nafasi ya kwenda kujisaidia. Watu walicheka, wakalipa, wakaingia.

Nchi ilikuwa na mabingwa wa kazi hiyo. Dar es Salaam alikuwepo Lufufu, jina lake halisi Derek Gaspar Mukandala, ambaye sauti yake ilirekodiwa juu ya kanda na kusafiri mbali kuliko yeye mwenyewe. Kenya wanaye DJ Afro. Kampala yupo VJ Jingo, anayetafsiri kwa Kiganda. Kanda za Lufufu zilipotufikia kupitia Tunduma, msimuliaji wetu alinuna kwa siku kadhaa, maana aliona riziki yake ikichukuliwa na mtu ambaye hata Kamsamba hajawahi kufika. Hakuwa na haja ya kuogopa. Watu walimpenda Lufufu kwa vichekesho, lakini mlangoni walimtaka wa kwao, mtu ambaye kesho wangekutana naye kisimani.

Siku moja msimuliaji alinadi muvi ya mama anayemlea mtoto peke yake, muvi ya kufundisha familia. Bibi mmoja alilipa, akaingia na mjukuu wake. Haukupita muda mama yule wa kwenye televisheni akafa, akazikwa, akarudi usiku na macho meupe. Mtoto alilia mpaka akatapika. Bibi alitoka naye mgongoni, akaja kusimama mbele ya mwenye kibanda. Hakupaza sauti. "Baba," alimwambia, "nilichoambiwa mlangoni sicho nilichokikuta ndani."

Mwenye kibanda alimrudishia hela yake. Halafu ikabidi awarudishie na wengine waliojipanga nyuma yake, baadhi yao wakiwa wameshaona nusu ya muvi na kuifurahia vizuri tu. Baadaye ndipo msimuliaji alipokiri kwamba mkanda ule hakuwahi kuuangalia. Alitazama picha ya kwenye kasha, akaona mwanamke amembeba mtoto, basi. Tangu hapo mwenye kibanda alimlazimisha akae peke yake mchana na kuutazama kila mkanda mpya mwanzo hadi mwisho kabla watu hawajaitwa. Petroli ya mchana ilimuuma. Alikuwa akiimimina kwenye jenereta huku akisonya, lakini alimimina.

Nimeyaona mengi ya mitandao tangu wakati huo na sijaona lililonieleza jambo hili vizuri kuliko petroli ile. Kuijua video kabla ya kuitazama kuna gharama, na lazima mtu aibebe. Ama anaibeba mmoja, yule aliyeileta, ama wanagawana wote waliokaa kwenye mabenchi.

Hesabu yake si ngumu. Kwa miaka mingi WhatsApp ilikubali video isiyozidi MB 16, na kundi lilikuwa na kikomo cha watu 256. Kundi likijaa na kila mtu akaipakua, video moja ya MB 16 imekula kama GB 4 za watu. Aliyeifowadi hapandishi chochote upya. Simu yake inatuma tu taarifa kwamba faili liko mahali fulani, nyinyi mkalichukue. Ndiyo maana kufowadi ni kwepesi na kupokea ni kuzito. Aprili 2021, vifurushi vya intaneti vilipopandishwa bei, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Serikali ilivisitisha mara moja. Wengi wetu tulilaumu kampuni za simu na Mamlaka ya Mawasiliano, na lawama hizo zilikuwa na mahali pake. Lakini siku hiyohiyo, ndani ya kundi letu, watu walikuwa wakitumiana klipu za watu wanaolalamikia bando, klipu ileile ikirudi kwa milango mitatu tofauti.

Kati ya kibanda na WhatsApp nilipitia Tunduma. Nilifanya kazi kwenye meza ya kujaza memori kadi, karibu na mpaka, wateja wakitoka pande zote mbili. Mtu anakuja na kadi yake, unampa nyimbo, muvi, mahubiri. Faili nyingi kwenye kompyuta zilikuwa na majina ya namba tupu. Mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa na daftari. Kila faili aliloingiza alilitazama kidogo, akalipa jina, akaandika limetoka kwa nani. Wateja walimwendea yeye. Hilo tu, sina zaidi la kusema juu ya kazi ile, ilikuwa ya vumbi na honi za malori.

Sasa nirudi kwenye sheria ya mwalimu, kwa sababu nina ugomvi nayo mdogo. Kipengele chake cha kwanza, kueleza video inahusu nini, ndicho watu wanachokipenda, na ndicho ninachokiamini kidogo kuliko vyote. Anayekueleza picha kabla hujaiona amekushika mkono, na anaweza kukupeleka atakako.

Wakoloni walilijua hilo mapema. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za kuwaelimisha Waafrika uliokuwa na makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Wakuu wake, L. A. Notcutt na G. C. Latham, walitengeneza filamu 35 na kuzungusha lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali ili filamu moja isemeshwe kwa Kiswahili hapa na kwa lugha nyingine kule. Nia ilitangazwa kuwa njema: kahawa, kodi, usafi, posta. Lakini maelezo yote yalitoka upande mmoja, na chini yake kulikuwa na dhana kwamba mtu mweusi hawezi kuifuata picha inayotembea asipoongozwa. Mtazamaji hakuwa na kisima cha kukutana na msimuliaji kesho yake.

Ndiyo maana namwambia mwalimu kwamba kama ni lazima tuchague, tuachane na "inahusu nini" tubaki na hizo nyingine: wapi, lini, kwa nani. Hilo la kwanza nitaliona mwenyewe nikifungua. Hayo mengine video haina namna ya kuniambia.

Jambo hili lilinikuta kwenye ufuta. Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa mazao. Mpunga na ufuta wa bonde la Rukwa ndivyo vinavyonilisha. Miaka michache iliyopita, wakati wa mavuno, nilishuka Kamsamba na wenzangu kununua, nikakuta watu wamekunja nyuso. Hatukuwa tumetaja hata bei. Mama mmoja ninayemheshimu, aliyesoma na dada yangu, alinitolea simu kifuani, akanionyesha klipu. Ndani yake mtu ameshika kipaza sauti kwenye mnada, watu wamejaa, bei ya kilo ya ufuta inatajwa, shangwe. Bei ile ilikuwa juu sana kuliko tuliyokuja nayo. "Kwa hiyo nyinyi mnatuona sisi ni watu wa porini," alisema. "Lindi wanalipwa hivi, sisi mnataka kutupa nauli."

Nilimuuliza nani kamtumia. Hakujua, ilikuja kwenye kundi la kanisa. Nani kaileta kwenye kundi la kanisa? Kijana fulani, naye kaitoa kwenye kundi la waendesha bodaboda. Klipu haikuwa na neno hata moja chini yake. Kwamba ni Lindi, hilo alilisema mtu mmoja akiwa amesimama, akaliamini mwingine, likawa kama limeandikwa. Na yawezekana kweli ilikuwa Lindi. Kule ufuta huuzwa kwa minada ya vyama vya ushirika, na bei hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka kulingana na wanunuzi wa China, India na kwingineko.

Kilichoimaliza klipu ile ni binti wa mama huyo, mwanafunzi wa sekondari, aliyeiangalia mara ya pili na kuuliza kwa nini watu wote wamevaa barakoa. Tukaangalia. Kweli, mnada mzima ulikuwa na barakoa, baadhi kidevuni, nyingine zikining'inia sikio moja, lakini zilikuwepo. Sisi tulikuwa kwenye mwaka ambao barakoa zilishageuka vitambaa vya kufutia pikipiki. Bei ile ilikuwa ya msimu uliokwisha kuliwa zamani.

Klipu haikudanganya. Mnada ulikuwepo, bei ilitajwa, watu walishangilia. Hakuna aliyekata wala kuunga kitu. Lakini kuna familia zilishikilia magunia yao zikingoja bei ya zamani irudi, na zikaja kuuza mwishoni kwa bei ya chini kuliko ile tuliyoitaja siku ya kwanza. Nilinunua baadhi ya magunia hayo. Biashara ni biashara, ila yule mama sikumtazama usoni kwa raha.

Tungekuwa na tarehe tu, neno moja chini ya klipu, mwaka, mazungumzo yangekuwa mengine. Kwa habari ya tarehe, huwa nafikiria vimondo vya kwetu. Mkoa wa Songwe una viwili vinavyojulikana na wanasayansi. Kimoja ni Kimondo cha Mbozi, karibu chote chuma, kinakadiriwa tani 16, watalii wanapiga picha wamekiegemea. Kilianguka lini hakuna ajuaye, na hata wenyeji hawana simulizi ya siku hiyo. Cha pili kilianguka Ivuna, huku kwetu bondeni, tarehe 16 Desemba 1938. Kilichookotwa kilizidi kidogo gramu 700, jiwe la kubeba mkononi. Umaarufu wake mkubwa unatokana na kemia yake, kwa kuwa linafanana na jua kwa elementi zake nyingi, na kundi zima la vimondo vya aina hiyo linaitwa kwa jina la Ivuna. Udongo ulioletwa na chombo cha Wajapani kutoka kwenye sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020 umelinganishwa nalo. Lakini mimi, mtu wa magunia, kinachonifurahisha ni kwamba watu waliliona likianguka na siku ikaandikwa.

Mwalimu alipopinga hoja yangu ya kuachana na "inahusu nini", alisema kuna video ambazo lazima ujue zinahusu nini kabla hujafungua. Hapo alinishinda, na alinishinda kwa kunikumbusha jambo ambalo wote kwenye kundi tunalikwepa.

Kulitokea ajali ya basi kwenye barabara kuu ya kutoka Tunduma kwenda Mbeya. Kabla ya polisi kutoa taarifa, kabla ya redio, video ilikuwa imeingia kwenye kundi, imefowadiwa, haina neno. Mwenzetu mmoja aliyekuwa kazini Dar es Salaam aliifungua akiwa kwenye daladala. Mwili wa tatu uliolazwa pembeni ya lami ulikuwa umefunikwa kitenge anachokifahamu. Alikinunua yeye, akampelekea mama yake mdogo. Tulichosikia baadaye ni kwamba dereva alisimamisha gari kwa sababu abiria walidhani mtu kavamiwa.

Kwetu, na nadhani kwa makabila mengi, habari ya msiba ina adabu zake. Mtu mzima ndiye anayetumwa. Anabisha hodi, anaingia, anapewa kiti, anasalimia, anauliza habari za watoto na za shamba. Mwenye nyumba kwa kuona tu aliyekuja na saa aliyokuja ameshaanza kujiandaa. Ndipo mgeni anaanza mbali: unajua jana fulani alisafiri. Wengine huona ni kuzunguka. Mimi naona zile dakika chache ni za kumshika mtu kabla hajaanguka. Video ile ilimkuta mwenzetu amesimama, mkono mmoja kwenye bomba la daladala, na hakukuwa na mtu upande wa pili wa habari.

Aliyeituma hakuwa mtu mbaya. Aliona ajali, aliona ni njia yetu, akadhani anasaidia. Angeambiwa kwamba lazima aandike sentensi moja, "ajali ya basi, kuna miili, msifungue mbele ya watoto," pengine vidole vingeganda kidogo, akajiuliza ni basi gani na nani wa kwetu alikuwa safarini. Naamini kuganda huko ni faida kubwa ya sheria kuliko maandishi yenyewe.

Nalijua bonde letu pia kabla ya simu. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 2000, wilaya ya Mbozi na Mbeya kwa jumla zilitikiswa na mauaji ya kuchuna watu ngozi. Mauaji yalikuwa ya kweli, na uvumi ukayazidi. Tulifungiwa ndani jua likizama. Mgeni yeyote mwenye begi kubwa alitazamwa kwa jicho baya. Lakini kila habari ilipofika nyumbani baba alikuwa na swali lake, na alilirudia hadi lilituchosha: umeona wewe au umeambiwa? Aliyekuambia aliona yeye? Mara nyingi safari iliishia kwa mtu wa tatu, shemeji wa mtu huko Mlowo ambaye hakuna aliyemjua. Tuliendelea kuogopa, ila kwa kiasi. Na hakuna mwenye begi aliyepigwa mbele yangu.

Uvumi wa kinywa huja na uso wa mtu, na uso unahojika. Video huja na ushahidi wa macho, na macho hayahojiwi. India walilipa gharama ya tofauti hiyo. Huko Karachi, Pakistan, mwaka 2016 shirika la kutetea watoto lilitengeneza filamu fupi ya tahadhari: watu wawili kwenye pikipiki wanamnyakua mtoto barabarani, kisha wanamrudisha na kuonyesha bango la kuwaasa wazazi. Mtu alikata kipande cha mwisho. Kilichobaki kikasambaa India kwenye WhatsApp kama ushahidi wa watekaji walioingia vijijini. Mwaka 2018 watu wengi waliuawa na makundi yenye hasira, na Julai 1 mwaka huo, katika kijiji cha Rainpada wilayani Dhule, wanaume watano waliokuwa wageni pale walipigwa hadi kufa. WhatsApp ikaanza kubana: India mwezi huohuo, dunia nzima Januari 2019, mtu asifowadi kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mkupuo; Aprili 2020 ujumbe uliozunguka sana ukabanwa hadi mmoja kwa mmoja.

Kubana huko kulipunguza mbio. Hakukuirudishia ile filamu kipande chake cha mwisho. Hilo mashine haiwezi, wanaliweza watu, na kwa maoni yangu inawezekana kwenye kundi la ukubwa wetu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu tunajuana. Kwenye mtandao wa wazi wenye mamilioni, sheria ya maelezo itazaa maelezo ya uongo tu. Kwenye kundi la wazawa, mtu akiandika "imechukuliwa jana kwenye Daraja la Momba," kuna watu wanaopita juu ya daraja hilo la mita 84 kila siku na watamwambia kama maji yamefika huko au anaota.

Basi nije kwa yule mzee wa Kilyamatundu. Mwalimu alisita sana juu yake. Alisema sheria ikianza kuwa na milango ya nyuma haitadumu. Lakini mzee yule ndiye aliyewahi kutuletea video ya maana kuliko zote kwenye kundi: jani la mhindi limetobolewa, mkono wake unalifunua polepole, ndani kuna kiwavi. Haikuwa na neno. Waliodhani ni utani walicheka. Bwana shamba mmoja aliyeko kwenye kundi alimpigia simu, akamuuliza maswali, na ikabainika ni viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini 2017, na kwamba wameshakula upande mzima wa shamba. Majirani zake waliwahi kunyunyizia.

Kumfungia mtu kama huyo kwa sababu ya kalamu ni kujipofusha. Tulikubaliana kwamba maelezo yawe ya maandishi au ya sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya Wawanda wa bonde letu, na asiyeweza hata hilo ampigie msimamizi amsemee. Mzee alijaribu siku iliyofuata. Sauti yake ya utangulizi ilikuwa ndefu kuliko video: alianza na salamu kwa kila ukoo, akaeleza mvua, akafika kwenye ng'ombe aliyezaa mapacha. Hakuna aliyelalamika. Wengi, nafikiri, walisikiliza hadi mwisho.

Wa kulalamika wakabaki vijana, na hoja yao mpya ni nzuri. Mmoja anayesoma chuo Mbeya amesema mambo haya yote ni ya kizamani, siku hizi kuna programu za akili mnemba. Unaipa video, inakuandikia muhtasari kwa sekunde, hata ya saa nzima. Akatuonyesha. Alileta mahubiri marefu ya mchungaji mmoja anayetabiri mambo ya uchaguzi, na chini yake aya tatu safi zenye nukta na koma mahali pake, Kiswahili sanifu kuliko cha mwalimu.

Mwalimu alikaa kimya siku nzima. Mimi ndiye niliyemuuliza yule kijana: hiyo programu inasema yamehubiriwa lini?

Akajibu haisemi.

Inasema wapi?

Kanisani.

Na wewe, mwanangu, nani kakupa?

Ilichukua muda. Juu ya skrini ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena. Halafu likaja jibu: kapewa na shemeji yake wa Nakonde, shemeji kaikuta kwenye kundi la madereva wa malori, na huko hajui imeingiaje, ila kama tunataka anaweza kumpigia amuulize.

Tukamwambia ampigie.